Sindano haijakatazwa, angalieni mkasi

Ati sindano ni marufuku ndani ya ndege. Jamani, nimechoka. Kila anayetoka Lamu na kofia ya kudarizi mkononi anakuja na habari ileile, aliyoambiwa na mtu aliyeambiwa, na matokeo yake ni watu wazima kuchomeka sindano kwenye pindo la buibui au kuzizamisha ndani ya kipande cha sabuni. Mficha uchi hazai. Sindano iliyofichwa ndiyo inayomtia afisa wasiwasi. Iliyochomwa kwenye kitambaa, na uzi wake na kofia iliyokwisha kuanzwa, haihitaji maelezo.

Marekani wanaruhusu sindano za kushonea na za kufumia katika begi la mkononi. Uingereza pia. Hilo tumelimaliza.

Sasa mkasi, maana hapa ndipo panaponipandisha presha. Kinachopimwa ni makali, si mkasi mzima. Marekani wanapima kuanzia pale kwenye msumari unaoshika pande mbili za mkasi mpaka nchani, na wanataka pasifike inchi 4, yaani kama sentimita 10. Uingereza wanataka makali yasizidi sentimita 6. Kwa hiyo mkasi wenye makali ya sentimita 8 utapanda New York bila neno, na utaachwa London. Mkasi mdogo wa kudarizia, ule wenye umbo la korongo, makali yake kwa kawaida ni sentimita 3 au 4, unapita kote kuwili. Lakini watu wanaulaza kwenye rula pamoja na mapete ya vidole, wanaona 10, wanauacha nyumbani! Mkasi wa fundi cherehani usijaribu kabisa, weka kwenye mzigo wa chini, ule unaoukabidhi kaunta, makali yamefungwa kwa kadibodi na utepe wa gundi ili asijikate atakayefungua.

Na kipimo ni cha mahali unapokaguliwa, si cha nchi unayokwenda. Ukitoka Manda, uwanja wa ndege wa Lamu, ukaunganisha Nairobi, kisha Dubai au Doha, utakaguliwa tena na tena. Chukua mkasi utakaopita penye kanuni kali kuliko zote. Hata hivyo siwezi kukuapia: afisa aliye mbele yako ndiye mwenye neno la mwisho, na anaweza kukataa kitu kilichoruhusiwa kwenye maandishi. Kubishana naye kwa kumwonyesha simu hakusaidii.

Kidani cha kukatia uzi, kile cha duara chenye wembe ndani, Marekani hawakitaki ndani ya ndege. Mantiki yake hainiingii vizuri. Mkasi wenye ncha kali unapita, kidude ambacho kidole hakifikii wembe wake hakipiti. Nadhani ni kwa sababu wembe unaweza kuchomolewa, lakini ukiniuliza kipi kati ya viwili hivyo ningekihofia, jibu unalijua. Nyembe tupu, bila shaka, hapana.

Asiyetaka kubahatisha achukue kikata kucha. Kinakata, ila kinauponda uzi kwanza, na ncha inabaki na manyoya ambayo haitaki tena kupita kwenye tundu la sindano. Dawa ni kukata nyuzi nyumbani, sentimita 45 hadi 50 kila moja, na kutunga sindano tano au sita kabla ya safari. Usizidishe urefu: uzi mrefu unasuguana na kitambaa kila unapouvuta, ukaanza kuchakaa kabla hujaumaliza. Ukifika mwisho wa uzi, usikate. Ingiza mkia katikati ya vitambaa viwili vya kofia, uache urefu wa kidole nje, utaukata ukifika.

Bati la biskuti liacheni nyumbani, hata kama ndilo lililomo nyuzi za ukoo mzima. Kwenye mashine ya eksirei, chuma juu ya chuma ni doa jeusi, na doa jeusi linafunguliwa. Kikopo cha plastiki kinachoonyesha ndani, chenye kifuniko cha kuzungusha, kinatosha. Hesabu sindano unapoanza na kabla ndege haijatua. Iliyobaki kwenye kiti itamchoma mwingine.

Pale JKIA, uwanja mkuu wa Nairobi, mizigo yote inapita eksirei mlangoni, pamoja na ile ya chini. Ukiulizwa mkasi hapo, sema begi hilo unalikabidhi. Hujakatazwa kitu.

Kwa Manda lipo jambo jingine. Uwanja uko ng'ambo ya maji, na kitu kikikataliwa hutaweza kukirudisha mjini kisha uwahi ndege. Aliyekusindikiza asipande boti kurudi mpaka umeshapita ukaguzi.