"Wameingiza dada kwenye Biblia"

Somo la Kigiriki lilipokwisha, mwanafunzi mmoja alibaki nyuma. Akaniwekea simu mezani, kidole kikiwa juu ya Wafilipi 4:1 katika tafsiri ya Kiingereza ya NIV ya 2011. "Mwalimu, ona. Wameandika kaka na dada. Paulo hakutaja dada hapa. Biblia inachakachuliwa."

Sijui hiyo ni mara ya ngapi naletewa shtaka hilo. Nikamwambia afungue Biblia yake ya Kiswahili, ile ya Union Version. Akasoma: "Basi, ndugu zangu, wapendwa wangu..." Nikamwuliza, hao ndugu ni wanaume tu? Akacheka.

Neno lenyewe ni *adelphoi*. Katika umoja jinsia iko wazi: *adelphos* ni kaka, *adelphe* ni dada. Kwa wingi, kundi la mchanganyiko huitwa *adelphoi*, na muktadha ndio unaoamua. Sasa teremka mstari mmoja tu. Paulo, akiwa bado anasema na *adelphoi* walewale, anawasihi Euodia na Sintike wawe na nia moja. Hao ni wanawake, na mstari wa 3 unasema waliishindania Injili pamoja naye. Au walitolewa nje barua ilipokuwa inasomwa?

Sisi tuna bahati ya neno "ndugu". Kiingereza cha leo hakina neno la kawaida la namna hiyo. Ukisema kaka, msikilizaji anawaona wanaume peke yao. Mfasiri akiandika "kaka na dada" anaizuia maana isipotee njiani, basi. Na msiniambie huo ni ufeministi wa juzi. King James ya 1611, katika Mathayo 5:9, ilikuta *huioi*, yaani wana wa kiume, ikaandika "watoto" wa Mungu. Hata ESV ya 2001, tafsiri nyingine ya Kiingereza inayopendwa sana na makanisa yasiyowaweka wanawake wakfu, huweka tanbihi kwenye *adelphoi* kwamba neno hilo laweza kuwajumlisha wa kike.

Mjadala wenye uzito upo, ila uko kwingine. Zaburi 1:1 kwa Kiebrania inamtaja mtu mmoja. NRSV ya 1989, nayo ya Kiingereza, ikamgeuza kuwa wengi ili ikwepe jinsia, na wanaomwona Kristo katika mtu yule mmoja wana haki ya kunung'unika. Kiswahili kinasema "Heri mtu yule" na ugomvi unaishia hapo, maana viambishi vyetu havina jinsia. Hilo ningelijadili hata usiku kucha. Lakini anayenijia na kamusi ya Strong, ile ya maneno ya Kiebrania na Kigiriki ya Biblia, kwenye simu kabla hajasoma sura nzima, namrudisha akaisome kwanza.

Wapo wa upande wa pili pia: "Kama ni kaka na dada, basi swali la wachungaji wanawake limekwisha." Halijakwisha. *Adelphoi* haligusi uongozi hata kidogo. Bishaneni juu ya 1 Timotheo 2:12, panapomkataza mwanamke kufundisha na kumtawala mwanamume, penye kitenzi *authentein*, ambacho hakionekani tena popote katika Agano Jipya. Ndiyo maana wasomi hawaelewani kama ni kuwa na mamlaka tu au ni kuyanyakua.

"Paulo aliwanyamazisha wanawake wote kanisani." Mnaijua 1 Wakorintho 14:34 kwa moyo. Sura ya 11 mstari wa 5 je, anapoagiza jinsi mwanamke atakavyovaa *anaposali na kuhutubu*? Atahutubu kwa ishara?

"Hawa aliumbwa msaidizi, kwa hiyo yuko chini." Hapa Kiswahili, kilichotuokoa kwenye ndugu, kinatuangusha. Msaidizi kwetu ni cheo: katibu msaidizi, kocha msaidizi. Kiebrania ni *ezer*, na ndilo neno lililomo kwenye "Msaada wangu u katika Bwana", Zaburi ya 121.

Halafu Yunia, Warumi 16:7. "Alikuwa mwanamume," watu huniambia. Krisostomo, mhubiri wa karne ya 4 ambaye Kigiriki kilikuwa lugha yake, alimsifu kama mwanamke. Matini ya Nestle, chapa ya Agano Jipya la Kigiriki wanayoitumia wasomi, ilimpa alama ya sauti ya jina la kiume tangu 1927, ikaiondoa 1998. Jina hilo la kiume, Yunias, halijaonekana katika maandishi ya kale. Kinachobishaniwa kwa haki ni kama yeye mwenyewe alikuwa mtume au alijulikana tu kwa mitume. Biblia yetu inasema "Androniko na Yunia, jamaa zangu", na jamaa, kama ndugu, haina jinsia. Mwanafunzi wangu aliusoma mstari huo mara mbili, akaniambia miaka yote alidhani ni mtu na kaka yake.