Umeondoa mafuta. Mahali pake umeweka nini?

Mama mmoja aliingia ofisini kwangu akiwa na karatasi mbili za majibu ya maabara, moja ya mwaka uliotangulia na nyingine ya wiki ile ile. Kwa mwaka mzima alikuwa ameacha mafuta kabisa. Hakutia hata tone kwenye sufuria, karanga aliziogopa, parachichi alilipita sokoni bila kuligusa, na maziwa yalikuwa yale yaliyoondolewa mafuta. Alifuata alichoambiwa kwa nidhamu niliyoiheshimu sana. Hata hivyo trigliseridi zake, yaani mafuta yanayosafiri ndani ya damu, zilikuwa zimepanda, na HDL, ile ambayo wengi huiita kolesteroli nzuri, ilikuwa imeshuka.

"Daktari, haya mafuta yanatoka wapi na mimi siyali?" Watu huniita daktari ingawa kazi yangu ni lishe. Nimeacha kuwasahihisha.

Nilimwomba anisimulie siku yake ya jana tangu alipoamka. Mkate mweupe na jamu. Biskuti zilizoandikwa "mafuta kidogo". Mchana sahani ya wali iliyojaa, na mboga za kuchemsha pembeni. Jioni glasi mbili za juisi na mtindi usio na mafuta, uliotiwa sukari ili uweze kulika. Jibu la swali lake lilikuwa humo humo. Ini likipokea sukari na wanga uliokobolewa kuliko mwili unavyohitaji, hugeuza sehemu ya ziada hiyo kuwa mafuta na kuyamwaga kwenye damu. Mama huyu alikuwa anayatengeneza mafuta mwenyewe, ndani ya mwili wake, bila kuyala.

Nadhani lugha yetu nayo inachangia mkanganyiko huu. Neno "mafuta" tunalitumia kwa yale ya kwenye chupa, yale meupe yaliyoshikana na nyama, ya kujipaka, ya kuendeshea gari, na yale ya tumboni. Mtu akisikia neno hilo hilo kwenye sahani na kwenye kitambi, huona ni kitu kimoja kilichohama tu kutoka huku kwenda kule. Mwili haufanyi kazi hivyo. Ziada ya chakula chochote, iwe wanga, protini au mafuta, inaweza kuishia kuwa akiba ya mafuta chini ya ngozi na kuzunguka viungo vya ndani. Ni kweli kwamba gramu 1 ya mafuta ina kalori 9 wakati gramu ya wanga au protini ina 4, kwa hiyo ni rahisi kupitiliza bila kujua. Lakini kubeba nishati nyingi hakukifanyi chakula kuwa sumu.

Tena kuna mafuta ambayo bila kuyala tunaugua. Mwaka 1929 George Burr na mkewe Mildred Burr, nchini Marekani, waliwalisha panya chakula kisicho na mafuta kabisa. Panya wakadumaa, ngozi ikawa na magamba, figo zikaharibika. Kutokana na kazi hiyo dunia ilianza kuelewa kwamba kuna asidi za mafuta ambazo mwili hauwezi kuziunda. Leo tunajua kwa binadamu ni mbili: asidi ya linoleiki, ya kundi la omega-6, na asidi ya alfa-linoleniki, ya kundi la omega-3. Lazima zije na chakula. Vitamini A, D, E na K nazo hufyonzwa pamoja na mafuta. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa waliwapa watu saladi za mboga mbichi, baadhi zikiwa na mchuzi wenye mafuta na nyingine zikiwa na mchuzi usio na mafuta, kisha wakapima damu. Kwa saladi isiyo na mafuta, karotenoidi, yaani rangi za mboga ambazo baadhi mwili huzigeuza kuwa vitamini A, zilizoingia mwilini zilikuwa karibu na sifuri. Mboga zile za kuchemsha za mama yule zilikuwa zinapita bila kuacha sehemu kubwa ya kile alichozilia.

Sasa, mafuta yapi? Hapa naomba uvumilivu, maana kuna kemia kidogo, na ukiielewa hutahitaji kukariri orodha yoyote.

Molekuli ya mafuta ni kama mshikio wenye mikia mitatu. Mshikio ni gliseroli, mikia ni asidi za mafuta, na kila mkia ni mnyororo wa kaboni uliozungukwa na haidrojeni. Mkia ambao kila kaboni yake imebeba haidrojeni yote inayoweza kubeba, tunasema umeshiba. Mkia wenye sehemu ambazo kaboni mbili zimeshikana mara mbili na kuacha nafasi za haidrojeni, haujashiba. Ukiwa na sehemu moja kama hiyo huitwa usioshiba mara moja, zikizidi moja huitwa usioshiba mara nyingi. Mkia ulioshiba umenyooka. Usioshiba umepinda pale kwenye pengo. Kuni zilizonyooka hufungwa mzigo ukakaza, zilizopinda huacha matundu kila ukijaribu. Ndiyo sababu siagi hukaa ngumu ukiiacha mezani na mafuta ya alizeti hubaki maji maji.

Mafuta yaliyoshiba hayagandi ndani ya mishipa kama yanavyoganda kwenye sufuria iliyopoa. Picha hiyo naisikia kila wiki na inawatisha watu kwa sababu isiyo ya kweli. Kinachotokea kipo kwenye ini. Ini lina vipokezi vinavyokamata chembe za LDL, ile ambayo wengi huiita kolesteroli mbaya, kutoka kwenye damu na kuziondoa. Michael Brown na Joseph Goldstein walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kazi iliyofumbua jambo hilo. Mtu akila mafuta mengi yaliyoshiba, utendaji wa vipokezi hivyo hupungua. LDL hukaa kwenye damu muda mrefu zaidi, baadhi ya chembe zikapenya kwenye ukuta wa ateri na kunasa humo, na kwa miaka mingi utando ukajijenga. Yale yasiyoshiba mara nyingi, yenye mapengo zaidi ya moja, huvuta upande wa pili: LDL hushuka.

Hapo ndipo swali langu linapoingia. Ukiyapunguza yaliyoshiba, nishati ile uliyokuwa unaipata utaipata kwingine, kwa kuwa njaa haisubiri. Utaipata wapi? Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walichapisha matokeo ya kufuatilia wauguzi na wahudumu wengine wa afya zaidi ya 120,000 kwa miaka 24 hadi 30. Pale ambapo asilimia 5 ya nishati ilitoka kwenye mafuta yaliyoshiba ikahamia kwenye yale yasiyoshiba mara nyingi, hatari ya ugonjwa wa ateri za moyo ilikuwa chini kwa asilimia 25. Ikihamia kwenye yasiyoshiba mara moja, asilimia 15. Kwenye nafaka zisizokobolewa, asilimia 9. Ikihamia kwenye wanga uliokobolewa na sukari, hakukuwa na nafuu ya maana. Utafiti wa kufuatilia watu hauthibitishi chanzo peke yake, nalisema hilo wazi, lakini unakubaliana na kile tunachokiona kwenye vipimo vya damu watu wanapobadilishiwa chakula kwa majaribio.

Na kuna jaribio kubwa ambalo ningependa kila mtoa ushauri wa lishe alijue. Nchini Marekani wanawake karibu 49,000 wenye umri wa miaka 50 hadi 79 waligawanywa: kundi moja likafundishwa kupunguza mafuta ya kila aina na kuongeza mboga, matunda na nafaka, jingine likaendelea na kula kwake. Matokeo ya ugonjwa wa moyo yalitolewa mwaka 2006, baada ya wastani wa miaka 8. Tofauti ya maana haikuonekana. Wako waliosoma matokeo hayo wakatangaza kwamba basi mafuta hayana neno, kula siagi utakavyo. Mimi nayasoma tofauti. Kupunguza mafuta yote kwa mkupuo mmoja, mazuri pamoja na mabaya, hukupunguzia faida pamoja na hasara.

Aina moja haina mjadala. Mwaka 1902 mkemia Mjerumani Wilhelm Normann alipata hataza ya kugeuza mafuta ya maji maji kuwa mazito kwa kuyaongezea haidrojeni. Kazi hiyo ikifanywa nusu nusu, baadhi ya mikia iliyopinda hunyooka bila kushiba, na hayo ndiyo mafuta ya transi. Viwanda viliyapenda kwa kuwa hayachachi upesi. Kwa miongo mingi watu waliuziwa majarini ngumu kama mbadala salama wa siagi, na wataalamu wa fani yangu walishiriki kuwaambia hivyo, jambo ambalo bado linaniuma. Mwaka 1990 Ronald Mensink na Martijn Katan wa Uholanzi walionyesha kwamba mafuta haya hupandisha LDL na papo hapo kushusha HDL. Denmark iliweka kikomo cha kisheria mwaka 2003. Marekani ilitoa uamuzi wa kuyaondoa kwenye chakula mwaka 2015. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2018, lilitaka yale ya viwandani yaondoke duniani kote kufikia 2023, na lengo hilo halikutimia kila mahali. Kwa hiyo soma orodha ya viambato. Ukiona maneno yanayosema mafuta yameongezewa haidrojeni kwa sehemu, rudisha pakiti rafuni, hata kama mbele imeandikwa sifuri; nchini Marekani, kwa mfano, sheria iliruhusu kuandika sifuri pale kipimo cha mlo mmoja kilipokuwa na chini ya gramu 0.5.

Tukiwa kwenye pakiti: chupa ya mafuta ya mimea iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba haina kolesteroli haijakwambia lolote la kuchagulia. Kolesteroli ya chakula hutoka kwa wanyama. Kwenye mimea ni kidogo mno kiasi cha kutohesabika.

Kuhusu mafuta ya nazi naulizwa kuliko kitu kingine, na najua jibu langu huwaudhi baadhi. Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta yake yameshiba, kuliko hata siagi. Wanaoyasifu husema yana mikia ya urefu wa kati inayochomwa haraka na ini. Ila sehemu kubwa yake, karibu nusu, ni asidi ya lauriki, ambayo kwa kiasi kikubwa hufyonzwa kama ile mirefu. Huongeza HDL, ndiyo, na huongeza LDL pia. Fanya hesabu mwenyewe. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2023 linasema mafuta yaliyoshiba yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na mafuta yote kwa mtu mzima yawe asilimia 30 au chini. Kwa anayekula kalori 2,000, asilimia 10 ni takriban gramu 22. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya nazi kina gramu 11 hadi 12 za mafuta yaliyoshiba. Vijiko viwili vimeshaimaliza siku yako kabla hujahesabu nyama wala maziwa. Kijiko kama hicho cha mafuta ya zeituni kina gramu 2 hivi. Simkatazi mtu ladha anayoipenda. Namwomba asiiite dawa.

Mawese yako katikati, takriban nusu yameshiba. Alizeti, soya, mahindi na kanola ni ya kutumia kila siku bila wasiwasi, na soya na kanola yana omega-3 ya mimea pia. Omega-3 ndefu zinazopatikana kwenye samaki wenye mafuta, mwili huzitengeneza kwa shida kutoka kwenye ile ya mimea, hivyo samaki mara mbili kwa wiki ni ushauri ninaoutoa kwa moyo wote kwa anayeweza kumpata.

Mafuta mazuri nayo huharibika. Mwanga, hewa na moto huvunja mikia isiyoshiba. Mafuta yakianza kutoa moshi, yakiwa meusi, yakitoa povu au harufu ya ukungu, yamwage. Kuyarudia rudia kwa kukaangia huongeza vitu ambavyo hutaki kuvila.

Na watoto wa chini ya miaka 2 tafadhali waacheni na mafuta yao. Karibu nusu ya nishati ya maziwa ya mama hutoka kwenye mafuta, na ubongo wao unayahitaji.

Mama yule tulimrudishia mafuta ya alizeti kwenye mboga, konzi ya karanga mahali pa biskuti, na samaki. Mtindi ukawa wa kawaida bila sukari, wali ukapungua ili maharage yapate nafasi, na juisi ikawa maji. Miezi minne baadaye trigliseridi zilikuwa zimeshuka na HDL imepanda kidogo. Alikuwa ameshika mlango akitaka kutoka, akageuka.

"Na mayai je, daktari? Niliambiwa nisiyaone hata kwa macho."

Nilimwambia kiini kimoja kina kolesteroli nyingi, takriban miligramu 200, lakini mafuta yaliyoshiba ni kama gramu 1.5 tu, na kwa watu wengi hayo ya pili ndiyo yanayoisukuma LDL zaidi. Kwake yeye, asiye na kisukari wala kolesteroli ya kurithi, yai moja kwa siku halikunitia hofu. Kisha nikamuuliza atalikaanga kwa mafuta gani, na pembeni yake ataweka nini. Akarudi akaketi, tukaanza kupanga asubuhi yake upya.