Kappa Gamma Pi si zawadi ya alama za juu tu

Wengi hudhani kwamba katika vyuo vya Kikatoliki nchini Marekani, anayeongoza kwa alama huingia moja kwa moja Kappa Gamma Pi, jumuiya ya heshima iliyoanzishwa mwaka 1926. Sivyo. Alama hufungua mlango tu. Huangaliwa pia uongozi na huduma kwa jamii. Ndiyo maana aliye bora darasani anaweza kuachwa, tena kwa haki kabisa. Heshima zinazotegemea alama kwa kawaida ni zile za Kilatini, kama cum laude, yaani "kwa sifa".

Kwa anayetaka kuchaguliwa, kosa linaloumiza zaidi ni kuandika "nilijitolea" bila tarehe, idadi ya saa, kazi iliyofanyika wala msimamizi wa kuthibitisha. Daftari la kazi za kujitolea lianze mwaka wa kwanza, maana kumbukumbu za miaka minne haziokotwi wiki ya mahafali.