Kabla ya Kumshauri Mfanyakazi Mwenzako, Muulize

Tuseme mkuu wa stoo analeta shida yake kwenye kikundi cha wafanyakazi wanaokutana kusaidiana shida za kazini. Vijana wake wanachelewesha taarifa ya kila wiki. Kawaonya kwa mdomo, kawaandikia barua, wapi! Hajamaliza kusema, watatu wameshanyoosha mikono kumshauri. Mwezeshaji anawazuia: kwanza maswali. Kimya. Kisha mhasibu anauliza, "Hiyo taarifa ikishafika kwako, anaisoma nani?" Mkuu wa stoo anajikuna kichwa. Haisomi mtu, hata yeye.

Huko ndiko kujifunza kwa vitendo (kwa Kiingereza, action learning): wenzako wanakuuliza maswali juu ya shida yako halisi, kisha wewe unakwenda kutenda. Mwasisi wake ni Reg Revans, Mwingereza aliyesomea fizikia, ambaye miaka ya 1940 aliwakutanisha mameneja wa migodi ya makaa ya mawe wafundishane wenyewe kwa wenyewe badala ya kungoja mtaalamu wa kuwahutubia. Kwake, kujifunza kulikuwa jumla ya mambo mawili: maarifa yaliyokwishaandaliwa, na maswali. Kozi nyingi hutoa la kwanza, zikaishia hapo.

Kikundi kiwe na watu 5 hadi 8, wakutane kila baada ya wiki chache, na bosi asikae kikundi kimoja na anaowasimamia. Ya humo yabaki humo. Shida nayo iwe yako, na uwe na uwezo wa kuigusa. Kama kompyuta haiwaki, muite fundi. Hiyo si kazi ya kikundi.

Kinachotushinda wengi, nasi wakufunzi tukiwemo, ni kuuza ushauri kwa sura ya swali. "Huoni ungewaitisha kikao?" hilo ni agizo lililovaa alama ya kuuliza. Swali la kweli ni lile ambalo muulizaji mwenyewe hana jibu lake: Lini mara ya mwisho taarifa iliwahi kufika kwa wakati? Siku hiyo kulikuwa na nini? Anayechelewa zaidi umeshamuuliza sababu, au umemwonya tu?

Kabla ya kuachana, mwenye shida anataja jambo moja atakalolifanya, na kikao kijacho kinaanzia kwake. Bila hivyo mnapiga soga. Mkuu wetu wa stoo anaondoka akiahidi kuisimamisha taarifa ile kwa mwezi mmoja, aone nani ataiulizia. Akirudi, ana shida mpya: imeulizwa na idara moja tu, tena inataka mstari mmoja kati ya kurasa nne.