Tovuti ya biashara ndogo huchukua muda gani?

Mteja akiuliza hivyo, huwa anauliza mambo mawili bila kujua: saa ambazo fundi atakaa mbele ya kompyuta, na siku zitakazopita kwenye kalenda mpaka anwani ifunguke. Hesabu hizi mbili hazikaribiani hata kidogo.

Chukua karakana ya samani pale Keko, Dar es Salaam. Inataka tovuti ya kurasa tano tu: mwanzo, kuhusu sisi, bidhaa, picha za kazi na mawasiliano. Kwa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, na kiolezo (muundo wa kurasa) kilicho tayari, fundi mzoefu huimaliza kwa siku tatu au nne za kazi. Kusajili jina la tovuti, lile linaloishia na .co.tz, hakuli muda. Cheti cha usalama, kile kinacholeta https, shirika la Let's Encrypt hukitoa bure na kwa dakika chache. Penye subira ni pale jina la zamani linapohamishiwa seva mpya (kompyuta inayohifadhi tovuti), kwa kuwa seva za majina, zile zinazoonyesha jina liko kompyuta gani, hushikilia kumbukumbu ya awali hadi muda wake uishe. Ndiyo maana mafundi husema subiri hadi saa 48.

Lakini kwenye kalenda kazi hiyo hiyo huweza kufika wiki tano au sita. Hutoka wapi? Kwenye maandishi na picha. Ni kama mteja aliyepeleka vipimo kwa fundi cherehani, kitambaa akakiacha nyumbani. Mwenye karakana anasema "nakutumia kesho", mara inaingia oda ya vitanda, kesho inakuwa Jumatatu ya tatu. Picha zikija zimepita WhatsApp, ambayo huzibana, na kabati zuri la mninga linaonekana kama limepigwa picha kwenye ukungu. (Zitumeni kama faili jamani.) Halafu kuna bei. Aliyezoea bei ya maelewano hapendi kuiandika mahali ambapo jirani yake ataisoma, na kwa uzoefu wangu ukurasa wa bidhaa hukwama hapo kuliko penginepo.

Mteja akitaka watu walipie humo humo kwenye tovuti kwa simu, badala ya kubandika Lipa Namba (namba ya kupokelea malipo ya simu) tu, mambo hubadilika. Kampuni ya malipo itataka leseni ya biashara, TIN (namba ya mlipa kodi) na taarifa za benki, kisha yafuate majaribio. Fundi hawezi kuiharakisha foleni hiyo.

Kwa hiyo ukiambiwa "wiki moja", uliza wiki hiyo inaanza lini. Mkataba mzuri huanza kuhesabu tangu siku maandishi na picha zote zilipofika, si siku ulipotuma malipo ya awali.

Tena kufunguka si kuonekana. Google inaweza kuchukua siku kadhaa, hata wiki, kabla ya kuiorodhesha tovuti mpya. Anayetaka oda za makochi ya Idi, akianza kumi la mwisho la Ramadhani atakuwa amechelewa.