Ganda la Pai Halivutwi

Naandika haya ili nikiulizwa tena kesho niwe na pa kumwelekeza mtu. Ganda la pai likinywea kwenye oveni, dawa yake si kulivuta zaidi siku nyingine. Naletewa picha ile ile kila mara: ukingo umeporomoka hadi nusu ya chombo, upande mmoja umezama kuliko mwingine, na mwenyewe anajitetea, "Mbona nililivuta vizuri mpaka likafika juu?" Ndiyo, ndugu yangu. Ndiyo maana.

Unga wa ngano ukishakutana na maji una gluteni, ule utando wa protini unaolishika donge, na gluteni hunyumbuka. Ukiivuta itakubali, lakini kwa shingo upande. Ukiiwahisha kwenye moto kabla haijatulia, inarudi ilikotoka. Zile sentimita mbili ulizoziiba kwa vidole utazilipa ndani ya oveni, tena na riba.

Kwa hiyo ukubwa unatafutwa kibaoni. Chombo cha sentimita 23 kinataka duara la sentimita 30 hadi 33, kutegemea kina chake, kwa unene wa milimita 3 hivi. Watu wakifika 27 mikono imeshachoka, wanasema zilizobaki watazimalizia kwenye chombo. Hapana. Rudi ukasukume.

Kusukuma kwenyewe hakuna miujiza. Anzia katikati kwenda nje, inua mti wa kusukumia kabla haujavuka ukingo, geuza donge kidogo, sukuma tena. Likigoma kuzunguka limeshika kibao: pitisha kisu kipana chini yake, nyunyiza unga, endelea. Unga uliozidi ufute kwa brashi.

Sasa nije kwa watu wa friji, maana hawa ndio wananimaliza. Waliambiwa donge liwe baridi, basi wanalitoa likiwa gumu kama jiwe na kulivamia papo hapo. Linapasuka kingo zote. Wanahitimisha kwamba ni kavu, wanaongeza maji, wanakanda upya, na hapo ganda limeshakuwa la kutafuna mpaka taya ziume. Jamani, donge halikuwa kavu! Siagi ndiyo ilikuwa ngumu. Siagi yenye nyuzi 4 za Selsiasi hukatika. Karibu na nyuzi 15 hupinda bila kukatika na bila kuyeyuka. Ikipita 20 inaanza kulainika mno, inajipaka kwenye unga, na matabaka ndiyo basi tena. Tunachotaka ni vipande vya siagi vibapwe katikati ya unga vikiwa bado vipande. Ndani ya oveni vinayeyuka, maji yaliyomo (siagi ya kawaida ina kama asilimia 16) yanageuka mvuke, na mvuke huo ndio unaotenganisha tabaka na tabaka.

Kipimo changu ni kidole gumba. Bonyeza donge. Alama ikibaki na kingo zake hazijapasuka, anza kazi. Zikipasuka, ligongegonge kwa mti au liache mezani dakika chache. Kidole kikizama bila upinzani na kutoka kinang'aa mafuta, rudisha friji bila mjadala. Donge lililosukumwa sawasawa lina mabaka ya njano yaliyobapa, mengine marefu kama ukucha, mengine yanakatiza weupe wa unga kama mishipa. Mtu akiyaona hudhani hakuchanganya vizuri, anataka kulikanda tena. Yaache hapo hapo!

Kuhusu kulipumzisha, vitabu vinasema nusu saa kwenye friji ili gluteni itulie, navyo vinasema kwa uhakika ambao mimi sina. Ubaridi unagandisha siagi, sawa, lakini gluteni hutulia polepole zaidi kwenye baridi kuliko mezani. Nashuku sehemu kubwa ya sifa tunazoipa friji ni za ule muda wa kusubiri. Hatuliachi mezani kwa kuhofia siagi, basi tunaelewana na friji nusu kwa nusu. Tena unga na unga hautofautiani kidogo: mmoja nusu saa inautosha, mwingine baada ya saa mbili bado unabisha. Mimi hulilaza usiku kucha nikiweza. Ukisukuma ukaliona linarudi nyuma mbele ya macho yako, lifunike, kaa dakika 10, usipigane nalo.

Kuliweka kwenye chombo ndiko kunakoamua mengi. Likunje juu ya mti, lifungulie juu ya chombo huku likining'inia nje pande zote. Kisha mkono mmoja unyanyue ukingo, mwingine ulishushe mpaka likae kwenye pembe, pale ukuta unapokutana na sakafu. Unalishusha, hulisukumi kwa nguvu. Pembeni pakibaki hewa, ukuta utateremka kuijaza. Punguza libaki sentimita 2 nje, likunjie chini yake lenyewe, likalie mdomo wa chombo. Urembo wa ukingo fanya upendavyo.

Halafu friza, dakika 20 hadi 30, ndipo utandike karatasi na kumwaga maharage makavu, yawe uzito wa kulishikilia ganda likiokwa tupu. Yajae mpaka juu. Kikombe kimoja kilichotawanywa chini hakishikilii kitu. Kinachoporomoka ni ukuta, sakafu haina pa kwenda. Na maharage hayo usiyapike tena, yatunzie pai ijayo.