Nyota Tatu, Nyota Tano: Jinsi ya Kusoma Uhakiki wa Albamu Mpya

Albamu ya Taylor Swift iitwayo The Tortured Poets Department ilipotoka tarehe 19 Aprili 2024, jarida la Rolling Stone la Marekani liliipa nyota tano kati ya tano, NME la Uingereza likaipa tatu, na Paste likaipa alama 3.6 kati ya 10. Tovuti ya Metacritic, ambayo kazi yake ni kukusanya hukumu za wahakiki na kuzifanya namba moja, ikatoa 76. Kwa kuwa mimi mwenyewe huandika uhakiki wa muziki wa roki na pop, huulizwa mara kwa mara ni nani kati ya hao aliyepatia. Jibu langu huwaudhi baadhi ya watu: hiyo 76 si maoni ya mtu yeyote, na hata zile nyota hazikuambii kitu mpaka usome aya zilizoandikwa chini yake.

Tuanze na namba yenyewe. Metacritic, iliyoanzishwa mwaka 2001, hutumia kipimo cha 0 hadi 100. Nyota tatu kati ya tano hugeuzwa kuwa 60, na hapo hakuna ugomvi. Ugumu huanza kwa machapisho yanayotoa alama kwa herufi kama za shuleni, kwa sababu A huhesabiwa kuwa 100, B huwa 75 na C huwa 50, ilhali mwandishi aliyeandika C huenda alitaka kusema tu kwamba albamu inasikilizika. Pale ambapo mhakiki hakutoa alama kabisa, wafanyakazi wa tovuti huisoma makala yake na kumkadiria. Isitoshe, machapisho hayabebi uzito sawa katika wastani huo, na uzito wa kila moja hautangazwi. Kwa hiyo albamu ambayo kila mhakiki ameiona nzuri kiasi na albamu iliyowagawa wahakiki kati ya wanaoiabudu na wasiotaka kuisikia zinaweza kutua kwenye namba ile ile, ingawa kwa msikilizaji hizo ni habari mbili zisizofanana hata kidogo.

Jambo la pili ni haraka. Kampuni za kurekodi zilikuwa na desturi ya kuwapelekea wahakiki nakala wiki kadhaa kabla ya albamu kuingia madukani, na mwandishi alipata nafasi ya kuisikiliza akiwa nyumbani, garini na jikoni kabla ya kushika kalamu. Desturi hiyo haijafa kwa wasanii wadogo, lakini wakubwa wengi wameiacha kwa kuogopa nyimbo zisivuje. Beyoncé alipotoa albamu yake ya tarehe 13 Desemba 2013 bila tangazo lolote, mhakiki na shabiki waliisikia kwa wakati mmoja. Ile ya Swift ilitoka saa sita usiku kwa saa za New York, yaani saa moja asubuhi kwetu Afrika Mashariki, ikiwa na nyimbo 16. Saa mbili baadaye zikaongezwa nyingine 15. Mhakiki aliyekwisha kupanga hoja zake akajikuta na nyimbo 31 mezani, huku mhariri akiisubiri makala siku hiyo hiyo. Usikilizaji wa namna hiyo huupendelea wimbo wenye kiitikio kinachonasa papo hapo, na huuonea wimbo ambao maneno yake hufunguka polepole. Ndiyo maana uhakiki unaochapishwa wiki moja au mbili baadaye, wakati kelele zimetulia, mimi huuamini zaidi, japo wasomaji wake huwa wachache.

Hata hivyo muda peke yake hautoshi kumponya mhakiki, maana kila zama huwa na kaida yake ya ladha, na kaida hiyo huingia katika alama bila kubisha hodi. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Liz Phair. Mwaka 1993 mwanamuziki huyo wa Chicago alitoa albamu ya Exile in Guyville, yenye magitaa makavu, sauti iliyorekodiwa bila mapambo na maneno ya uwazi mkubwa kuhusu mapenzi, na wahakiki wakampokea kama malkia. Miaka 10 baadaye alitoa albamu iliyobeba jina lake mwenyewe, ambayo baadhi ya nyimbo zake alizitengeneza na The Matrix, kundi la watunzi na watayarishaji waliomsaidia Avril Lavigne kupata umaarufu. Tovuti ya Pitchfork, ambayo hutoa alama kuanzia 0.0 hadi 10.0, ikampa 0.0. Albamu hiyo ina nyimbo dhaifu, hilo sibishi, lakini sufuri si alama ya nyimbo dhaifu. Ilikuwa adhabu kwa msanii wa roki aliyedhaniwa kuwasaliti wenzake kwa kuifuata pop ya redioni.

Mwaka uliofuata, Oktoba 2004, Kelefa Sanneh aliandika katika New York Times makala iliyoushambulia mtazamo huo wa kuliona gitaa kuwa ni ukweli na pop kuwa ni udanganyifu, na mjadala uliofuata ukabadilisha namna kizazi kizima cha wahakiki kinavyousikiliza muziki unaopendwa na wengi. Mwandishi wa ile sufuri aliomba radhi hadharani mwaka 2019, na mwaka 2021 Pitchfork ilirudia kutathmini albamu 19 na kuipandisha ile ya Phair hadi 6.0. Katika orodha hiyo hiyo, Discovery ya Daft Punk ilitoka 6.4 ikapanda hadi 10.0, na albamu ya kwanza ya bendi ya roki ya Interpol ikashushwa kutoka 9.5 hadi 7.0. Nyimbo hazikuwa zimebadilika hata noti moja. Si jambo jipya pia, kwani Rolling Stone iliipokea albamu ya kwanza ya Led Zeppelin kwa dharau mwaka 1969, kisha mwaka 2003 ikaiweka nafasi ya 29 katika orodha yake ya albamu 500 bora kuliko zote.

Siku hizi kuna shinikizo jingine, nalo hutoka kwa mashabiki. Paste ilichapisha ile 3.6 bila jina la mwandishi, ikaeleza kwamba mwaka 2019, ilipohakiki albamu ya Lover ya msanii huyo huyo, mwandishi wake alitumiwa vitisho. Sijui kazi nyingine ya sanaa ambayo mtu akisema haikumpendeza hulazimika kujificha namna hiyo. Kwa maoni yangu, hofu hii ni sababu mojawapo ya alama za pop kukusanyika kati ya 70 na 85, ambako hakuna anayeudhika na hakuna anayeelimika.

Basi nisome nini? Mimi hutafuta sentensi inayoeleza kinachosikika. Sifa kama «ya kusisimua» au «imekomaa» naziruka, kwa kuwa zinaweza kubandikwa kwenye albamu yoyote. Chukua Fetch the Bolt Cutters ya Fiona Apple, iliyotoka tarehe 17 Aprili 2020 wakati sehemu kubwa ya dunia ilikuwa imefungiwa ndani. Pitchfork iliipa 10.0, alama ambayo haikuwa imeitoa kwa albamu mpya tangu ile ya Kanye West ya mwaka 2010. Sifa zilimiminika, na nyingine ziliihusu zaidi karantini kuliko muziki. Uhakiki uliofaa ni ule ulioeleza kwamba sehemu kubwa ilirekodiwa nyumbani kwake Venice Beach, kwamba midundo ilipatikana kwa kugonga kuta, sakafu na vyombo vya nyumbani, kwamba mbwa wanasikika wakibweka, na kwamba sauti yake hupasuka, hunong'ona na hurudia maneno hadi yanageuka kuwa ngoma.

Maelezo hayo ndiyo yanayomwezesha msomaji kujipimia. Anayependa muziki unaoonyesha mishono yake ataitafuta albamu hiyo hata kama ingepewa 5.0. Anayetaka piano iliyopigwa kwa utulivu na sauti nzito iliyo karibu na jazi atagundua kwamba hiyo 10.0 haikuandikwa kwa ajili yake, na ningemshauri aanze na Tidal, albamu ya kwanza ya Apple ya mwaka 1996, kisha asonge mbele albamu moja baada ya nyingine kwa mfuatano wa miaka.